Mlio wa Silinda ya Tatu

Kemshafti ile ilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi refu jembamba. Mwenye gari hakutaka kumwachia mtu mwingine. Aliibeba mwenyewe mpaka gereji kwetu, akaiweka juu ya meza ya kazi, akafungua karatasi taratibu huku akinusa harufu ya grisi mpya.

Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa hapa Singida mjini, mtu mzima anayekaribia miaka hamsini, mwenye duka na familia kubwa. Alikuwa na magari mengine ya maana, lakini alilolipenda ni hilo dogo la Kijapani la milango miwili, la zamani, alilolinunua likiwa bovu na kulihangaikia sehemu baada ya sehemu. Sasa alitaka liwe na mbio, na alitaka lingurume.

"Mzee, hii ndiyo yenyewe," alimwambia baba yangu. "Nimeagiza nje. Imechukua miezi."

Baba aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya vinundu vyake. Kwa asiyejua, kemshafti ni chuma kinachozunguka juu ya injini na kufungua valvu, yaani vile vifuniko vinavyoruhusu hewa na mafuta kuingia na moshi kutoka. Ya kiwandani hufungua kwa kiasi. Hii ya mbio vinundu vyake vilikuwa vimeinuka zaidi, kwa hiyo valvu zingefunguka zaidi na kukaa wazi kwa muda mrefu zaidi. Injini inapata pumzi. Lakini valvu zinazoshuka sana zinasogelea pistoni zinazopanda, na ukikosea kupanga jino moja tu la mnyororo unaozungusha kemshafti, vinakutana. Vikikutana, injini imekufa.

"Litakunywa mafuta," Baba alimwambia. "Na ukienda polepole litakuwa linatetemeka. Usije ukanirudishia ukasema limeharibika."

"Mzee, huko kutetemeka ndiko ninakokutaka."

Baba akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesoma chuo cha ufundi na nilikuwa nimefanya kazi naye miaka sita, lakini kemshafti ya mbio sikuwahi kuigusa. Yeye alijifunza kazi Itigi akiwa kijana, kwenye malori yaliyokuwa yakileta mizigo stesheni, na jina lake lilijengwa na masikio yake. Watu walitoka Manyoni na Kiomboi kumletea gari alisikilize tu. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia ugonjwa uko wapi. Mimi nilikua nikiamini kwamba hakuna injini inayoweza kumficha kitu.

Tulianza kazi asubuhi ya Jumamosi. Upepo wa Singida mnaujua wenyewe. Tulining'iniza turubai upande wa barabara ya Unyambwa ili vumbi lisiingie kwenye injini iliyo wazi, na bado kila dakika chache niliinama na kitambaa kupangusa chembe ambazo pengine hazikuwepo. Tulipanga alama za mnyororo. Baba akazikagua, nami nikazikagua, kisha nikarudi kuzikagua tena alipokwenda kunawa.

Kazi ya tapeti tuligawana. Tapeti ni skrubu ndogo zinazorekebisha nafasi kati ya kemshafti na valvu, na kila moja ina nati yake ya kuibana isilegee. Baba alifunga zile za silinda ya kwanza na ya pili. Mimi nikachukua ya tatu na ya nne. Nilikuwa katikati ya silinda ya tatu simu yangu ilipoita. Ni mama.

"Baba yako yuko hapo? Nimempigia mara tatu hapokei."

"Yupo, tuko kazini."

"Simu anayo mfukoni?"

Nilimtazama. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na yeye alikuwa akisafisha plagi hatua mbili kutoka kwangu.

"Anayo," nikasema. Niliibana simu kwa bega, nikamalizia nati huku mama akinieleza habari za dawa zake za presha. Nikakata. Nikahamia silinda ya nne.

Kabla ya kuwasha, tuliizungusha injini kwa mkono. Niliingiza spana kwenye boliti ya mbele na kuivuta polepole, mizunguko miwili kamili, nikisubiri ule ugumu wa ghafla unaomaanisha chuma kimegusa chuma. Jasho lilinitoka mgongoni ingawa kulikuwa na ubaridi. Haikugusa. Mwenye gari, aliyekuwa amesimama akirekodi kila kitu kwa simu, akasema, "Alhamdulillahi."

Kemshafti mpya ina sharti lake. Ukiwasha mara ya kwanza huruhusiwi kuiacha injini ingurume taratibu. Unaishikilia kwenye resi ya wastani kwa kama dakika ishirini mfululizo, oili irukie juu, vyuma vizoeane. Ukizembea hapo, vinundu vinakwanguka na kazi yote imeharibika. Baba alinipa ishara nikae kwenye usukani. Niliwasha, ikakohoa mara mbili, ikashika. Nikapandisha resi, nikaishikilia hapo.

Sauti ilikuwa kubwa, na nzuri. Mwenye gari alikuwa akitabasamu peke yake. Dakika tano, kumi. Niliangalia geji ya joto, kisha ya oili, kisha saa.

Karibu na dakika ya kumi na mbili nikaisikia. Tik. Ndogo, nyembamba, chini ya mngurumo. Tik, tik, tik. Nikajiambia ni wasiwasi wangu. Nikashusha kioo zaidi. Ilikuwepo, na ilikuwa inakua.

"Baba!" niliita. Hakugeuka. Nilimpungia mkono mpaka akaja dirishani. "Kuna tapeti inagonga!"

Alienda mbele, akachukua bisibisi yake, akaweka ncha juu ya mfuniko wa injini na mpini sikioni. Akafumba macho. Nilimwona akihamisha ncha kutoka silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pale kwenye ya tatu mimi nilikuwa nikiisikia bila bisibisi, nikiwa nimekaa ndani ya gari. Yeye alikaa hapo kwa utulivu, akahamia ya nne, kisha akafumbua macho na kunionyesha dole gumba.

"Imekaa vizuri!" akapaza sauti. "Shikilia!"

Simu tatu ambazo hakupokea. Redio ya nyumbani, ambayo mama alikuwa akiipunguza na yeye kuiongeza. Ile siku nilipomwamkia kutoka nyuma, "Shikamoo Baba," akapita bila kuitika, nami nikanuna jioni nzima nikidhani ananionyesha hasira. Yote yalinijia kwa mara moja, na injini inaendelea kugonga.

Sikujua la kufanya. Nikizima kabla ya muda, nitamwaibisha Baba mbele ya mteja aliyemwamini, na pengine nitaidhuru kemshafti. Nikiacha, ile skrubu inaweza kuchomoka na kuikwangua kemshafti ambayo mteja aliisubiri miezi. Nilihesabu mpaka tano. Mlio ukawa mkali zaidi. Nikazima.



"Nani amekwambia uzime?" Baba alisema. Hakuwa na kawaida ya kunifokea mbele ya watu.

"Nimeona kama oili inavuja, Baba. Upande wa chini. Ngoja tufungue tuangalie."

Nilidanganya, na nilifikiri nimemwokoa. Nilianza kufungua mfuniko, vidole vikiungua. Mwenye gari alikaa juu ya tairi kuukuu akiitazama ile video aliyoirekodi. Sauti ya injini ilitoka kwenye simu yake, nyembamba, na ndani yake, wazi kabisa, tik, tik, tik.

"Mzee," akasema kwa adabu, "hapa kuna kitu kinagonga. Au ni hii simu yangu? Hebu sikiliza."

Akampa. Baba aliipokea simu kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni. Mwenye gari aliinama kumngoja. Video iliisha. Nilisikia ilivyoisha, na kimya baada yake, na upepo ukipiga turubai. Baba alikuwa bado ameishikilia sikioni, ametazama chini.

"Ndiyo," akasema. "Nasikia."

Mwenye gari alinitazama. Ni mtu mwema. Aliichukua simu yake, akasema anakwenda kuswali adhuhuri, atarudi, tusiwe na haraka.

Tulibaki wawili. Nilitoa mfuniko. Kwenye silinda ya tatu, valvu ya moshi, nati ya tapeti ilikuwa imelegea, skrubu imepanda karibu kutoka. Nilimulika kemshafti kwa tochi ya simu. Kinundu kilikuwa na alama hafifu ya kung'aa, lakini kucha yangu haikukwama popote. Tulikuwa tumewahi, nadhani kwa dakika chache.

"Hii niliifunga mimi," nikasema. "Nilikuwa naongea na mama kwenye simu. Sikuikaza. Kosa ni langu, Baba."

Aliitazama ile nati. Kisha akaniambia kwa Kinyaturu, lugha tuliyozoea kuiacha nyumbani, "Wewe hukuikaza. Na mimi sikuisikia."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi. Kwanza zilipotea sauti za ndege. Nikasema ni uzee. Halafu tapeti." Alijifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu. "Nimekuwa nikikisia, mama. Najua magari, nakisia, mara nyingi inakuwa kweli."

Alizoea kuniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikashika spana. Tulizipima tapeti zote nane upya. Nilikaza, naye akashika mkono wangu juu ya spana na kuongeza nguvu kidogo, kila nati, mpaka ya mwisho.

Mwenye gari aliporudi tuliwasha tena na kumalizia muda uliobaki. Nilisimama mbele na sikio langu, Baba akakaa kwenye usukani. Hakuna kilichogonga. Lakini tulipoachia resi, gari likazima. Tukawasha, likazima. Hapo ndipo nilipoogopa upya, kwa sababu nilifikiri tumeharibu kitu kingine.

Baba hakuogopa. Alishuka, akaweka kiganja juu ya bodi karibu na taa, akaniambia niwashe na kushikilia. Kwa mkono mwingine akageuza distributa, kidogo sana, kuwahisha moto wa plagi. Akafungua skrubu ya kabureta robo mzunguko, akaongeza tena, akasubiri. Alikuwa anaisoma injini kwa kiganja. "Sasa achia," akasema. Ikayumba, ikashuka, ikataka kufa, ikajirudi. Aliongeza resi ya chini mpaka injini ikakaa yenyewe, ikinguruma kwa kudunda, na taa za mbele zikicheza.

"Inagonga?" akaniuliza mbele ya mteja, bila kuficha.

"Haigongi."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nilisikiliza mpaka kichwa kikaniuma, kisha nikasema nina hakika.

Tuliijaribu barabara ya Manyoni, mwenye gari akiendesha, mimi kando, Baba nyuma magoti yakiwa yamekaribia kidevu. Gia ya pili lilikuwa zito, kama linavuta mkokoteni. Kisha likapita resi fulani na kutusukuma nyuma kwenye viti, mashamba ya alizeti yakikimbia pande zote mbili. Mwenye gari alipiga kelele ya furaha. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, nikitafuta ule mlio chini ya upepo.

Kesho yake alilipeleka Kilimatinde kumtembelea ndugu wa mkewe. Siku nzima sikufanya kazi ya maana. Kila lori lililopunguza mwendo nililidhani linavuta lile gari. Alasiri akapiga: amefika, kilima limekipanda, ila linatetemeka likiwa baridi.

"Anasemaje?" Baba akauliza.

Nilimgeukia ili anione mdomo, nikamwambia.

Wiki iliyofuata nilikwenda naye hospitali. Yule mpimaji alituonyesha karatasi yenye mistari, akasema masikio yote mawili yamepungua kusikia, hasa sauti nyembamba, na kwamba hazitarudi. Baba alimshukuru. Tulipofika gereji, dereva mmoja kutoka Itigi alikuwa akimsubiri, na gari lake likinguruma.

"Shikamoo mzee. Naomba ulisikilize."

"Marahaba," Baba akajibu. Akaenda akaweka kiganja juu ya boneti, akanitazama, akanisogezea nafasi kando yake. Nikasogea, nikainamisha kichwa, nikasikiliza.