Krismasi ya Milimita Kumi na Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja mtaa mzima ulimwita Mama Hewa, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Kila siku saa tatu kamili asubuhi alivuka kiwanja kidogo cha nyasi kilichozungushiwa waya, akafungua kibanda cheupe chenye vipimajoto, akasoma, akaandika. Kisha alikwenda kwenye kipimamvua, akamimina maji yaliyokusanyika kwenye bilauri yenye mistari, akainama mpaka jicho likalingana na maji. Njiani kurudi nyumbani, wenye nguo za kuanika walimsimamisha.

"Mama Hewa, tuanike au tungoje?"

Aliwajibu bila kuzunguka. Hakuwa mtu wa kutia chumvi. Palipokuwa na milimita mbili aliandika mbili, hata mwaka ule mkuu wa kituo cha hali ya hewa alipomdokeza kwamba sifuri ingewafurahisha zaidi wakubwa.

Fomu aliyokuwa akijaza ilikuwa na safu ya theluji. Siku yake ya kwanza kazini alicheka, akauliza safu hiyo inatafuta nini katika mji ambao mafuta ya nazi hayajapata kuganda.

"Fomu ni moja kwa wote," mkuu alimjibu. "Wewe piga kistari, uendelee."

Akapiga kistari, na akaendelea kupiga vistari miaka yote. Lakini kila ilipofika Desemba, kabla ya kukipiga, kalamu yake ilitua kidogo, kama mtu aliyeitwa na hajui ameitwa na nani.

Ilianza kutua hivyo tangu kitinda mimba wake alipoondoka kwenda nchi ya baridi. Huko alipata kazi ya ufundi wa mabasi, na kila Krismasi asubuhi alipiga simu. Mama hakuuliza kama amekula wala kama ni mzima. Hayo aliyasikia kwenye sauti. Aliuliza neno moja.

"Imeanguka?"

Mwaka wa kwanza ilikuwa mvua. Wa pili, jua lisilo na joto. Wa tatu ilianguka tarehe ishirini na tatu, na kufikia mkesha imeshayeyuka. "Bado, Mama," kijana alisema. "Mwakani." Ikawa desturi yao, bado na mwakani, na miaka ikaenda. Ndani ya miaka hiyo akaoa, akapata binti, na binti akapewa jina la utani la Maswali, ambalo aliyewahi kukaa naye dakika tano hakuhitaji kuelezwa lilitoka wapi.

Mama Hewa alipostaafu, mwanawe alimtumia tiketi ya kwenda kula Krismasi kwake. Aliazima koti kwa jirani, akautangazia mtaa mzima kwamba anakwenda kuona theluji.

"Niletee kidogo kwenye chupa," fundi viatu alimwambia.

"Nitakuletea hadithi yake. Chupa yako itavuja."

Alifika siku kumi kabla ya sikukuu. Baridi aliikuta, tena ya kuingia mpaka kwenye meno, lakini mbingu ilikuwa ya kijivu na barabara zimelowa. Kila asubuhi alisimama kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, koti la kuazima limefungwa mpaka kidevuni, akiangalia mawingu yanatoka wapi na yanakwenda upesi kiasi gani. Kipimajoto cha dirishani kilisema nyuzi saba, kesho yake nane. Hakumwambia mtu. Alijua tangu siku ya tatu.

Siku ya mkesha, mchana, walikuwa wote jikoni. Mkwe wake alikuwa akikata vitunguu, mwanawe akiosha vyombo. Maswali, mwenye miaka saba, aliweka penseli chini.

"Bibi, Baba anasema wewe unaijua mvua kabla haijanyesha."

"Mara nyingi."

"Basi theluji itaanguka kesho?"

Kisu kilisimama juu ya kitunguu. Mwanawe aligeuka, mikono ina povu, akamtazama mama yake kwa macho ya kumwomba.

"Hapana, mjukuu wangu," alisema Mama Hewa. "Kesho ni mvua."

Mtoto alikusanya penseli zake moja moja, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole, na hapo ndipo walipojua ameumia.

"Mama, ungesema labda," mwanawe alisema. "Neno moja tu."

"Labda haikuwepo."

"Mimi nimekwambia mwakani miaka tisa. Ulikuwa unaniamini?"

Mama Hewa alifuta meza palipokuwa pakavu. "Hapana," alisema. "Lakini nilikuwa napenda kulisikia."

Akasikia alichokisema. Akaendelea kufuta.

Krismasi iliamka na mvua. Baada ya chai alitafuta kabatini mkebe mtupu wenye pande zilizonyooka, akauweka uani, mbali na ukuta na mti. Maswali alikuwa amenuna, lakini kununa na kutouliza ni mambo mawili tofauti.

"Huo wa nini?"

"Wa kazi. Niletee rula yako."

Alasiri walitoka pamoja, wakachutama juu ya mkebe. Bibi akamfundisha kushusha jicho mpaka lilingane na maji, asisome kwa juu kama wavivu. Mtoto akasoma milimita kumi na nne. Bibi akasoma na yeye, akakubali.

"Sasa sikiliza. Hewa ingekuwa baridi ya kutosha, kila milimita hapa ingekuwa kama sentimita moja ya theluji. Hii mvua yote ilikuwa theluji yako, imechoka njiani."

Maswali alisimamisha rula ukutani, akaweka kidole kwenye kumi na nne. "Ingefika hapa?"

"Hapo."

"Na juu ya kiti?"

"Na kiti."

Walizunguka ua mzima wakilowa, mtoto akionyesha kwa kiganja theluji ambayo haikuwepo: juu ya baiskeli, juu ya pipa, juu ya gari la baba. Mwanawe akatoka bila koti, akasimama ukutani pale, akaweka mkono.

"Ingefika hapa, Mama?"

"Hapo hapo."

Hakuondoa mkono. Mama Hewa alisogea akasimama karibu yake, bega kwa bega, mpaka mkwe alipogonga dirisha kuwaambia chakula kinapoa.

Siku ya kuondoka, kwenye uwanja wa ndege, Maswali alimshika koti. "Usiende kabla haijaanguka. Itaanguka lini?"

Hakuwa ameangalia mawingu asubuhi hiyo, wala kipimajoto.

"Labda Januari," alisema.

Alirudi kwenye joto lake. Mtaa ukauliza, naye akausimulia kama ilivyokuwa: mvua tupu. "Ungebaki hapa ulowe bure," fundi viatu akasema, na wakacheka, yeye akicheka kuliko wote.

Januari ikaisha. Februari, siku ya kazi tu isiyo na sikukuu yoyote, alikuwa akianika shuka simu ilipolia. Ilikuwa Maswali, anahema.

"Shikamoo, Bibi. Imeanguka. Sentimita kumi na moja, nimeshusha jicho vizuri."

"Marahaba. Ikoje?"

"Nyeupe."

"Najua ni nyeupe. Ikoje?"

Mtoto alifikiri.

"Bibi, mimi siwezi. Njoo uone."

"Basi usikate simu," alisema Mama Hewa. "Nenda nayo nje."

Akasikia mlango, kisha hatua za mtoto, kisha hatua zikasimama. Hakusikia kitu kingine. Jua lilikuwa utosini, shuka zilikuwa zinaanza kukauka, naye alisimama katikati yake, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili, anasikiliza.