Matanga ya Mama kwenye Jumba la Miwa

Tarehe kumi na nne Juni mwaka juzi, siku ya Ijumaa, lilibomolewa baraza la jumba tulimokuwa tukiishi, upande wa Sydenham, Durban. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya mama yangu.

Jumba lile lilijengwa na mwenye mashamba ya miwa. Aliyetueleza ni jirani yetu wa nyuma, mama mzee wa Kihindi tuliyemwita Anti. Alizaliwa pale pale, kwenye safu za vyumba vya wafanyakazi wa shamba.

"Hapa hapakuwa Durban," alikuwa akisema. "Tulikuwa na kijiji chetu, kengele yetu, duka letu. Baba yangu akivaa viatu, tulijua anakwenda Durban."

Kisha mji ukapanda kilima. Miwa ikaondoka, barabara ikapita katikati, safu zikavunjwa moja baada ya nyingine. Jina la kijiji lilibaki kwenye kibao kimoja cha njiani ambacho hakuna anayekisoma. Jumba lenyewe lilikatwakatwa kwa mbao likawa vyumba vya kupangisha, na sisi Wakongomani tukaingia. Anti alisema baba yake hakuwahi kukanyaga baraza lile. Akiitwa, alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi.

Sisi tuliwalilia wafu wetu juu ya baraza hilo. Mtu anafia Uvira, kwetu Kongo, anazikwa huko, nawe uko hapa huna makaratasi ya kusafiri. Kwa hiyo kila msiba uliletwa barazani. Picha ya marehemu ilitundikwa kati ya madirisha mawili, kwenye msumari ule ule miaka yote. Mfiwa alikaa mkekani siku tatu. Siku ya tatu anasema neno lake juu ya marehemu, halafu wanamwinua na kumkalisha kwenye kiti, na matanga yamekwisha. Viti vya plastiki vilitunzwa na mzee wa chumba cha kwanza. Kwa kuwa hakumwachia mtu yeyote ufunguo wa stoo, tulimwita Prezida.

Mwezi wa Mei tulipata barua. Jumba limeuzwa, tuhame, litavunjwa Ijumaa ile ya Juni.

Jumatano ya wiki hiyo nilitoka mapema saluni ninakosuka nywele, kule South Beach, nije nifunge vitu vyangu. Nikakuta viti vinatolewa, nikajua kuna msiba. Sikuuliza wa nani. Kwetu unashika kazi kwanza. Niliweka mkoba chini, nikabeba viti. Nilikuwa nimechoka, na masanduku yangu yalikuwa bado wazi chumbani. Nikasema kwa sauti, ili wenzangu wacheke:

"Eish, na huyu naye, hakuona wiki nyingine ya kufa?"

Hakuna aliyecheka. Mama wa chumba cha nne, ambaye siku zote alinitania kwamba nafika msibani vyombo vikishaoshwa, alinipokonya kiti taratibu.

"Wacha, mama. Leo usibebe."

"Kwa nini? Leo nimewahi, unaona wivu?"

Alikwenda kukipanga kile kiti mwenyewe. Prezida alikuwa akitandika mkeka chini ya msumari. Nilitazama huku na huku nikimtafuta mfiwa, nikaona watu wote wananitazama mimi.

Kwetu habari ya kifo hairushwi tu kwenye simu. Ndugu zangu walimpigia Prezida ili akusanye watu kwanza, ndipo niambiwe. Nami niliwasaidia kupanga viti vya mama yangu, tena nikinung'unika.

Nililia, wakanishika. Lakini kilichonikaa kooni siku mbili zile hakikuwa kifo peke yake. Lilikuwa lile neno. Nilitaka kulirudia pale pale nilipolitamka, mbele ya picha yake na mbele ya waliolisikia, nimwombe radhi. Na neno la mfiwa husemwa siku ya tatu.

Ijumaa saa mbili asubuhi mashine ya kubomolea ilikuwa langoni. Msimamizi wake, Mzulu wa makamo, alishuka, na Prezida akamfuata.

"Baba, tunaomba mpaka saa nane. Mchungaji hajafika."

"Mchungaji wenu anatoka wapi, Kongo?"

"Anatoka Pinetown, hapa jirani."

"Afadhali angetoka Kongo, angekuwa ameshafika."

Kisha akaniona mkekani, akavua kofia. "Nitaanzia jikoni," alisema. "Mkisikia ukuta wa sebule, muwe mmetoka."

Tulianza bila mchungaji. Anti alikuja amevaa sari nyeupe ya msiba, akasimama chini ya ngazi. "Panda, Anti," Prezida alimwambia. Hakupanda mara moja. Alishika nguzo kwanza. Kisha akaja akaketi karibu yangu, na nyuma yetu jiko likaanza kuanguka.

Nilisema: "Jumatano niliuliza kama huyu hakuona wiki nyingine ya kufa. Nilikuwa namsema mama yangu. Alinipigia Jumapili, mikono yangu ilikuwa kwenye kichwa cha mteja, sikupokea. Wala sikumpigia tena. Nisamehe, mama." Matofali yalikuwa yakigonga sakafu, nikalazimika kupiga kelele kama mtu anayegombana.

"Tulisikia Jumatano, na leo tumesikia," alisema mama wa chumba cha nne. "Naye amesikia. Simama."

Mimi sijui kama alisikia. Walinishika kwapani, wakaniinua, wakanikalisha kwenye kiti. Prezida alitundua picha akaniwekea mapajani. Alijaribu kuung'oa na msumari kwa vidole, ukakataa. Tukasikia ukuta wa sebule. Vijana wawili walininyanyua pamoja na kiti changu, wakaniteremsha mpaka ng'ambo ya barabara.

Baraza lilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Nguzo zilianguka mbili kwa pamoja, kisha paa, kisha ule ukuta wa madirisha. Anti alikuwa amesimama nyuma yangu.

Prezida alikuwa akipakia viti kwenye pikapu ya kuazima. Alivihesabu, akavihesabu tena, akaanza kufoka kwamba kimoja kimeibwa. Nilikuwa nimekikalia. Nikasimama, nikampa.