Mpigaji wa Chini ya Maombi

Miaka yote nimepiga kinanda chini ya maombi ya watu wengine. Anayesali kanisani kwetu hapa Bukavu anajua: mchungaji akifumba macho, kinanda hakinyamazi. Kinatembea polepole chini ya sauti yake mpaka amina, na maombi yakirefuka, shauri yako. Ukiacha kupiga, waumini wanafumbua macho kuangalia kama umeme umekatika.

Kwa hiyo nilipoanza kujifunza jazi nilikuwa nimeshaharibika. Mwalimu wangu alikuwa muzee mmoja aliyepiga piano kila Jumamosi alasiri katika hoteli ya Ibanda, pamoja na mpiga besi na mpiga ngoma. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, akawa anatafuta mrithi. Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Wiki nzima nilikuwa mali ya watu: wanafunzi wa sekondari asubuhi, kwaya jioni, na nyumbani wananingoja wenye njaa. Nilitaka saa chache ziwe zangu.

Kushika nyimbo zenyewe, zile za zamani ambazo kila mpiga jazi anazijua, hakukunisumbua. Taabu ilikuja wimbo ukishapigwa mara moja, pale kila mmoja anapopewa zamu atunge wake papo hapo juu ya akodi zilezile, yale mafungu ya noti yanayoubeba wimbo. Zamu yangu ikifika, nilimwaga noti kama mtu anayejaza mapipa kabla maji hayajakatika.

"Maman, unajaza sana," muzee aliniambia. "Nani iko anaomba hapa?"

"Hakuna, papa."

"Basi acha wimbo ipumue. Kimya haiumi mutu."

Rahisi kusema. Nikijaribu kunyamaza, mikono iliniwasha, ikarudi mbio kwenye piano. Niliudhika naye, nikaudhika zaidi na mikono yangu. Mwishowe aliniambia wazi kwamba Jumamosi inayofuata nitapiga mbele ya wateja, na zamu yangu ikinishinda, kiti atapewa mwingine.

Jumamosi hiyo nilitoka moja kwa moja kwenye mazishi. Tangu asubuhi nilikuwa nimepiga kinanda chini ya maombi, neno la familia, neno la majirani, halafu maombi tena. Nikatembea kwa mguu kwenye matope kutoka Nyawera, nikakaa kwenye piano bila hata kuogopa. Kuogopa nako kunataka nguvu.

Zamu yangu ikafika. Nikapiga noti tatu, mikono ikaanguka mapajani. Besi ikaendelea peke yake. Nikarudi na noti mbili za chini, nikaacha tena. Sikuchagua kitu, hizo ndizo nilizokuwa nimebaki nazo. Kwenye meza ya karibu waliacha kuzungumza, na mama mmoja akashusha uma wake. Nikajua nimeharibu.

Tulipomaliza, muzee alikuja kusimama kando ya piano. Nikamtangulia.

"Unisamehe, papa. Nimechoka. Nimechoka sana."

"Ile njo ulisema na piano," akanijibu. "Siye bote tulisikia. Jumamosi ingine ukuje mapema."

Nikalia palepale, mbele ya sahani za watu. Shuleni, kanisani na nyumbani nilikuwa nimelisema neno hilo miaka mingi, kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyenisikia.