Nyoka wa Bahari Aliyefika Wamaza

Afadhali niwaambie mwenyewe, maana Wamaza nzima inacheka. Mambo ya wanyama nimejifundisha kwa simu tu, na nilikuwa bado kwenye majaribio ya ualimu. Siku hiyo prefe, mkuu wa shule yetu, angekuja kunisikiliza. Nikiharibu, kazi naikosa.

Wanafunzi nilikuwa nimeshawafundisha nyoka wa baharini: wana sumu kali na mkia bapa kama kasia, huishi karibu na pwani zenye joto za Bahari ya Hindi na Pasifiki, lakini Atlantiki hawapo. Asubuhi, kwenye dimbwi tunamoloweka mihogo, nikaona kitu cheusi, kirefu, mkia bapa! Nikakipiga fimbo mpaka kikatulia. Kwa kuogopa sumu, nikakizungushia kichwa kitambaa bila hata kukitazama, nikakipeleka darasani.

"Nyoka wa bahari amepanda mto mpaka kwetu!" nilimtangazia prefe, kifua mbele.

Aziza, wa dawati la mbele, akainua mkono. "Mwalimu, haiwezekani. Mito yetu inaenda Atlantiki. Wewe mwenyewe ulisema kule hawako."

"Alisema!" darasa zima likaitikia.

Prefe akafungua kitambaa. Zikatokea ndevu. Kambale!

Prefe alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwalimu, watoto wamelishika somo kukushinda. Mutu wa kufundisha hivyo ndiye ninamutafuta. Kazi iko yako. Kambale iko yangu."