Nyumba Niliyoipaka Rangi Ndani ya Ukungu

Mimi maghorofa mabovu siyagusi. Mke wangu ananicheka, lakini nanunua vijumba vya vyumba viwili hapa Morogoro, napaka rangi, nabadilisha mlango, nauza, nalala usingizi.

Juzi asubuhi nilipanda mtaa wa Bigwa, chini ya milima, kwenye kijumba nilichonunua karibuni. Ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka mpaka vibarazani, nami nikatembea humo kama niko ndotoni. Ukutani nikakuta maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Nikatabasamu. Nikajua aliyeniuzia aliogopa matapeli, akasahau kuyafuta. Nikampigia mteja aje aone, kisha nikayafunika kwa rangi ya maziwa, taratibu, huku nikiimba.

Ukungu ulipoinuka, mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Akatoka bibi mmoja na kopo la rangi nyekundu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umeimba vizuri. Ila nyumba yako ni ile ya jirani. Haya, niandikie tena.”

Majirani walishajaa. Niliandika kwa herufi kubwa. Namalizia herufi ya mwisho, mteja wangu akashuka kwenye bodaboda, akasoma kwa sauti, akanigeukia.

“Sasa kaka, umeniitia nini?”