Bawabu Aliyempa Mkewe Shikamoo

Kuna watu ukishawapa geti, umewapa dunia. Bawabu ninayekusimulia alikuwa mmoja wao. Miaka ishirini na miwili amekaa kwenye kibanda cha zahanati chenye kiti kimoja, daftari moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikatembea, na muda wote huo hakupita mtu bila kusema anatoka wapi, anakwenda kwa nani na ana shida gani. Mganga mkuu mwenyewe akisahau kitambulisho anarudishwa nyumbani. Gari la wagonjwa likija linalia king'ora, dereva anapunguza mwendo mapema, kwa sababu anajua asipopunguza atasimamishwa aulizwe king'ora ni cha nini.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Mkewe alikuwa nesi papo hapo zahanati, na siku alipoagwa kwa kustaafu, uongozi uligawa kadi za mwaliko na kutangaza kwamba bila kadi hakuna kuingia. Hayo ni maneno ya kusemwa tu, ndugu yangu, hakuna anayeyamaanisha. Bawabu aliyamaanisha. Saa nane mchana akatokea shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke aliyemlea yule nesi tangu mama yao alipofariki. Kapendeza, kabeba zawadi, kadi kaisahau mezani kwake huko maktaba anakofanya kazi. Bawabu akamwamkia kwa adabu zote, akamuuliza habari za safari, kisha akamwambia arudi akaifuate kadi. Shemeji akacheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Kumbe mwenzake hatanii. Huko maktaba ni mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mama wa watu alikwenda, na hakurudi.

Ukumbini nesi alikuwa anatazama mlango mpaka keki ikakatwa. Alipojua kilichotokea hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimtazama mumewe mara moja, na kuanzia jioni ile maneno yake yote akayahamishia kwa friji. "Friji, mwambie mwenzako chakula kiko mezani." "Friji, muulize mwenzako funguo za stoo kaweka wapi." Na bawabu, bila aibu, akawa anajibu kupitia friji hiyohiyo. Wiki ambayo friji iliharibika na fundi akaja kuichukua, nyumba ilikaa kimya siku tatu.

Ikafika miezi mitano. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, na kweli mke hakuacha wala hakuachwa. Yumo ndani, anapita hapa, anapika pale, ila sauti yake mumewe hanayo. Mzee aliumia, nisikufiche. Alikuwa anakula nusu sahani. Kitu kimoja tu alikitaka duniani, mkewe amsemeshe tena. Utaniuliza kwa nini hakuomba radhi. Alijaribu, lakini kila akifungua mdomo anaanza na "lakini utaratibu," na mtu anayeanza radhi kwa lakini hajaomba radhi, amefungua kesi.

Nesi, kwa upande wake, hakuzoea mikono ikae bure. Akaingia kwenye gemu moja la simu, lile la timu mbili, watano kwa watano, kila mtu na shujaa wake. Ngome huku, ngome kule, katikati njia tatu zenye minara. Mnabomoa minara ya wenzenu mpaka mnaifikia ngome yao, ikianguka mmeshinda. Wengi walitarajia nesi achague shujaa wa kutibu. Akachagua mwenye shoka. Alisema miaka thelathini na moja ametibu, inatosha, sasa na yeye aue kidogo. Jina lake humo ni Sindano. Kila siku saa kumi na moja jioni anakaa sebuleni na hedifoni kichwani, anaelekeza watu, anawatania, anacheka, na bawabu yuko jikoni anakisikia kicheko ambacho ni chake kwa ndoa kikienda kwa watu wanne asiowaona. Wivu ukamtoa jikoni.

Akamwendea dada wa dirisha la dawa, ambaye alijulikana zahanati nzima kwa kucheza gemu hilo.

"Mwanangu, nataka kuingia humo."

"Humo wapi, mzee?"

"Humo anamoongea mke wangu."

Yule binti alimwonea huruma. Wakawa wanajifunza saa ya mapumziko, nyuma ya makasha ya dawa. Mechi ya kwanza mashujaa wanne walitoka mbio ngomeni, wa bawabu akabaki amesimama palepale.

"Mzee, mbona hutoki?"

"Sijaruhusiwa."

Mechi nzima alisimama. Wenzake walimtukana kwa lugha nne, na moja aliielewa. Mechi ya pili alishawishika kutoka, akafika kwenye mnara wa kwanza, na hapo uso ukamfunguka. "Kumbe kuna kazi humu," akasema. Akajipanga mbele ya mnara. Adui wa kwanza alipotokea, bawabu akamwandikia: "Habari yako. Unakwenda kwa nani?" Adui akamuua. Akafufuka, maana humo watu hufufuka, akatembea njia nzima mpaka mnarani, akamwandikia tena: "Hujanijibu." Aliuawa mara kumi na moja, na kila kifo alikiandika kwenye daftari, saa na jina la mhusika.

"Mzee, hawa ni maadui. Hawaandikishwi."

"Wote huanza hivyohivyo, wanajifanya wana haraka."

Lakini mtu hata awe mgumu vipi, anafundishika akiwa na shida ya kweli. Mwezi haujaisha, dada wa dawa alikuwa amempatia shujaa wa ngao, mtu mzito, mpole, asiyekimbia, na bawabu akavaana naye kama soksi na kiatu. Kumpita akiwa mnarani ikawa shughuli. Hapo ndipo nafasi ikapatikana kwenye timu ya Sindano, mmoja wao alipokwenda kujifungua. Dada wa dawa, ambaye naye alikuwa timu hiyo, akampeleka kama kijana mgeni, kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna kumhoji adui. La pili, asifungue maiki, aandike tu, kwa sababu sauti yake inajulikana na kila aliyewahi kuumwa katika mtaa huu.

Akaingia kwa jina la Mgeni. Alijificha stoo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati ya gunia la mkaa na feni mbovu, na stoo ile inapakana na sebule kwa ukuta wa mbao. Timuni akamkuta Sindano, dada wa dawa, kinyozi mmoja wa mbali anayelalamika sana, na mtu anayeitwa Radi ambaye hakuwahi kusema neno, anaandika tu, tena kwa herufi kubwa.

"Mgeni, karibu," Sindano akasema. "Una umri gani?"

Jasho likamtoka. Akaandika: kumi na tisa. Dada wa dawa alisikika akikohoa.

Sasa fikiri na wewe. Ukiwa na miaka kumi na tisa, umekutana na mama mtu mzima aliyestaafu, na umelelewa ukaleleka, utafanya nini? Bawabu akashusha pumzi, akaandika: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Aliisikia mara mbili. Kwanza kupitia mbao, halafu kwenye hedifoni, imechelewa kidogo. Miezi karibu sita hajaambiwa hata "sogea," leo kapewa marahaba mbili kwa mpigo. Alilia, mzee wa miaka hamsini na tisa, juu ya ndoo. Watu wazima wakisikia kwamba mume alikuwa anamwamkia mkewe shikamoo watatema mate chini, na wana haki yao. Lakini ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na yeye aliinama kila jioni saa kumi na moja, kwa wiki sita.

Na alikuwa na raha, usione. Mkewe alimfundisha kwa subira ileile aliyokuwa akiwafundishia kina mama kubeba watoto wachanga. "Polepole mwanangu, usibonyeze vyote kwa pamoja." "Umekula lakini?" Akimwambia amekula, mkewe anafurahi. Kisha mechi inaisha, anatoka stoo, na mwanamke yuleyule anageukia jikoni: "Friji, mwambie mwenzako kama kichwa kinamsumbua aseme apewe dawa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anakaa stoo kila jioni."

Mwenye kumsumbua humo alikuwa Radi. Radi alipenda kukimbia, kuvamia, kurudi ana damu kidogo na kumkuta Mgeni kasimama palepale. "MGENI WEWE NI MTU AU NI NGUZO?" "MGENI HATUA MOJA TU. HUTAKATIKA MGUU." Bawabu alikuwa anajibu kwa upole kwamba yuko kazini.

Ikaja Alhamisi moja. Mechi hiyo wakiishinda wanapanda daraja, na Sindano alikuwa analitaka lile daraja kama mtu anayetaka cheo cha serikali. Minara yao ya njia mbili ilikuwa imeshabomolewa na maadui. Umebaki mnara wao mmoja mbele ya ngome yao wenyewe, na mbele ya mnara yuko Mgeni na ngao yake.

"Mgeni, nisikilize vizuri," mkewe akasema. "Usiondoke hapo. Nasema usiondoke kwa sababu yoyote. Ukiondoka tumekwisha."

Agizo halikuhitaji maelezo. Bawabu alikaa sawa kwenye ndoo yake. Na hapohapo, chini ya njia, akatokea Radi anachechemea, damu imebaki ya kuchovya ncha ya kalamu, maadui watatu nyuma yake. Alikimbia mpaka akakaribia mnara, akakwama. Hatua kumi tu. Wakamzunguka.

"MGENI TOKA. NAKUFA."

"Usitoke, mwanangu," Sindano akasema. "Mwache, atafufuka."

Ni kweli angefufuka. Sekunde arobaini tu, mtu anarudi mzima. Kila hesabu ya gemu lile ilisema asitoke, na mkubwa wake amesema asitoke, na miaka ishirini na miwili yote ilisema asitoke. Bawabu akaangalia kile kishujaa kimesimama nje, kimeambiwa kisubiri, na moyo ukampasuka. Akatoka. Akaweka ngao juu ya Radi, akapigwa yeye, Radi akapenya chini ya mkono wake akaingia ndani mzima. Maadui hawakuhangaika nao tena. Walipita kushoto, hakuna mlinzi, mnara ukaanguka, ngome ikafuata. Wameshindwa.

Kinyozi alianza kulalamika kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Sindano akamnyamazisha.

"Mgeni," akasema, na hakuwa na upole wowote. "Nilikwambia nini? Nilikwambia usiondoke. Nieleze kwa nini umeondoka."

Bawabu alianza kuandika. Akafuta. Akaandika. Akafuta tena. Mwishowe akabonyeza maiki.

"Alikuwa nje," akasema.

Upande wa pili wa ukuta kiti kikalia.

"Alikuwa nje, mke wangu, na mlinzi ni mimi. Nilishamwacha mtu nje siku moja. Amesafiri na zawadi yake mkononi, nikamrudisha. Nilimkosea dada yako. Nikakukosea na wewe, ukakata keki huku unatazama mlango. Ni kosa langu mimi, si la kadi."

Dada wa dawa akajitoa kimyakimya, mtoto mwenye malezi. Kinyozi ndiye aliyeuliza, taratibu sana, "Samahani, mke wa nani?" naye akatolewa.

Kisha maiki ya Radi, ambayo haikuwahi kufunguka, ikafunguka. Ilitoka sauti ya kunong'ona, ya mtu anayeficha mdomo kwa kiganja.

"Shemeji, niko maktaba, kwa hiyo nitasema kidogo. Gemu hili nilimfundisha mdogo wangu mimi, nilipojua nyumbani hana wa kuongea naye. Nimekusikia. Sijakusamehe. Siku ile nililia njia nzima, na zawadi ile mpaka leo iko kwenye kabati langu. Jumamosi nitakuja nayo, tukae chini tuongee. Na asante kwa kutoka."

Akakata.

Bawabu alivua hedifoni. Alisikia hatua zinatoka sebuleni, zinapita koridoni, zinasimama. Mlango wa stoo ukafunguliwa. Mkewe alisimama pale na simu mkononi, akatazama gunia la mkaa, akatazama feni, akatazama ndoo na kilichokaa juu yake, kimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Wiki sita unaniamkia," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi naitikia."

"Uliitikia vizuri sana."

Bawabu hakujua kama mkewe anakaribia kucheka au kulia. Nadhani hata mwenyewe hakujua. Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Toka humo, mume wangu," akamwambia. "Utaumwa mgongo."

Alijaribu kusimama, akakwama, akanyoosha mkono. Mkewe akaushika akamvuta.