Kabati Lenye Ziada ya Mshono

Bi Sindano aliwashonea watu nguo miaka arobaini na miwili, tena nguo za heshima, mpaka tundu la sindano likaanza kumkimbia. Mwingine angekaa barazani akahesabu wapita njia. Yeye aliuza cherehani, akajiunga na wapenda mbao, wastaafu watupu, wanaokutana kila Jumamosi asubuhi kwenye karakana ya shule. Mstari wa penseli juu ya ubao ni mnene. Huo aliuona vizuri.

Wapenda mbao wana sheria moja: anayekusaidia aweke mikono mfukoni. Mdomo ruksa, kugusa kazi ya mwenzio marufuku.

Mwanawe hakupenda aliposikia anajitengenezea kabati. "Mama, si upumzike? Kabati nitakununulia la dukani. Jumamosi saa nane naja nalo."

"Njoo. Ukikuta langu limesimama pale palipokuwa na cherehani, lako unageuka nalo. Ukikuta patupu, nitalipokea na sitasema neno."

Na mama yule, kunyamaza kwake ni adhabu.

Jumamosi ikafika, kabati liko tayari, halina milango, rafu mbili tu. Akalipima kabla ya kulipakia. Nafasi nyumbani ilikuwa sentimita themanini. Kabati, themanini na tatu.

"Ulikataje?" akauliza mzee mmoja aliyewahi kufundisha hesabu.

"Kama siku zote. Kipimo, halafu moja na nusu ya mshono kila upande."

Posta, mgawa barua wa zamani, akaanza kutikisika mabega. "Dada yangu, mbao tunashonea wapi? Au utalitia lastiki?"

"Cheka upesi, saa nne hii."

"Pokea tu la mwanao. Kazi ya wiki sita huifumui kwa asubuhi moja."

"Nguo ikipwaya haitupwi, Posta. Inapunguzwa. Ingebana, hapo ndipo ningelia."

Akafungua skrubu zote. Ubao wa juu, wa chini, rafu mbili, wa mgongoni: kila mmoja akaupunguza sentimita tatu. Wenzake wakamzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama.

"Kata nje ya mstari, usikate juu yake," alisema mwalimu.

"Msumeno usiusukume. Uache utembee," alisema Posta.

"Mikono, Posta."

"Iko mfukoni."

"Mmoja umetoka."

Akaurudisha.

Saa nane mwanawe alifika na kabati lake garini. La mama limeshaingia pale, limetulia kama mguu kwenye soksi. Akalisukuma. Akalitikisa. Akainama akachungulia nyuma, maana si mtu wa kuamini haraka. Hilo amerithi kwa baba yake.

"Umelitengeneza wewe?"

"Mikono ya wengine ilikuwa mfukoni."

Hakuelewa, lakini alicheka. "Sasa hili langu?"

"Mkeo vyombo anaweka sakafuni. Mpelekee, umwambie ulimnunulia yeye."